Orodha ya wapangaji itangulie turubai

Mhariri,

Masika hayako mbali, na majirani wanaokaa kando ya Mto Mathare na Mto Ngong hapa Nairobi tunawasihi waandike orodha ya kaya sasa, kabla hata ya kutafuta turubai za kujihifadhi mafuriko yakija.

Mei 2024, baada ya mafuriko, serikali iliahidi shilingi 10,000 kwa kila kaya iliyoondolewa ukingoni. Ahadi ya namna hiyo ikikuta mtaa usio na orodha, ni rahisi mwenye vyumba kumi vya mabati kujiandikisha mara kumi huku wapangaji wake wakikosa hata senti. Tingatinga la ubomoaji likishapita, hakuna mlango wa kuhesabu.

Kazi yenyewe ni ya wikendi mbili. Gawanyeni mtaa kwa nyumba kumi kumi. Kila kundi lichague watu wawili, mmoja wao mpangaji. Pigeni namba ya rangi mlangoni, kisha picha ya mlango pamoja na anayeishi humo. Daftari liwe na safu mbili: mwenye nyumba na mpangaji. Andikeni kitambulisho, watoto na shule yao, mjamzito, mgonjwa. Asiye na kitambulisho aandikwe vilevile, majirani wawili wakimshuhudia. Orodha isomwe barazani kwa sauti (majina na namba za milango tu, maradhi ya mtu si ya baraza), na wenye pingamizi wapewe siku saba. Hapo ndipo majina hewa hugunduliwa. Nakala moja igongwe muhuri kwa chifu, nyingine apewe mwakilishi wa wadi, ya tatu ihifadhiwe nje ya mtaa, kwani daftari la chini ya kitanda husombwa na maji yale yale. Wapangaji huhamahama, kwa hiyo lipitiwe upya kila miezi mitatu.

Orodha hiyo ndiyo itakayowapa hesabu ya kambi ya waliohamishwa. Kiwango cha kimataifa cha dharura ni mita za mraba 3.5 kwa mtu, lita 15 za maji kwa siku na choo kimoja kwa watu 20. Kaya 60 za watu watano watano zinahitaji vyoo 15, lita 4,500 na mita za mraba 1,050 za kulala tu. Darasa la shule likitumika kama kambi ni la kuazima tu. Muhula wa pili hufunguliwa masika yakiwa bado hayajaisha.

Turubai la mita 4 kwa 6 likitandazwa bapa, maji hutuama katikati na nguzo hung'oka. Lipandishwe kwa kamba ya katikati, kingo zifukiwe, mfereji wa sentimita 20 uzunguke nje, na mita 2 ziachwe kati ya hema na hema kwa sababu ya moto wa jiko.

Kuhusu ubomoaji, kifungu cha 152C cha Sheria ya Ardhi, kilichoongezwa 2016, kinataka notisi ya maandishi miezi mitatu kabla ya watu kuondolewa kwenye ardhi ya umma. Wakili atakitumia vizuri zaidi akiwa na orodha iliyogongwa muhuri wa tarehe kabla ya ubomoaji. Iliyoandikwa siku ya pili ya ubomoaji hupingwa kwa urahisi.

Kaunti nayo itangaze mapema kila wadi itahamia kiwanja kipi, chenye bomba na vyoo, badala ya kukitafuta usiku maji yakiwa magotini.

Waandikishaji wa kujitolea,
Mathare, Nairobi