Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: liandikeni jina la babu yangu

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya turathi za taifa,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia hadharani kuomba jina la babu yangu liingizwe katika daftari la wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, kwa sababu barua nne nilizoleta ofisini kwako hazijajibiwa, na safari niliyofunga wiki iliyopita imenitoa machozi mbele ya watu. Kijana wa mapokezi aliniambia, "Mzee, bila namba yake ya jeshi hatuwezi kuanza." Nina miaka 70. Namba nitaitoa wapi? Babu yangu alikufa nayo shingoni, kwenye kibati chake.

Hakuwa askari. Alikuwa mpagazi wa Kariokor. Vijana wa Nairobi wanapanda matatu za kwenda huko kila siku, na wenzao wa Dar es Salaam wananunua nyanya Kariakoo, bila kuambiwa kwamba majina hayo mawili ni mabaki ya jina la Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1917 John Ainsworth, ofisa wa serikali ya kikoloni ya Waingereza, alipewa kazi ya kukusanya wanaume, na machifu wakatakiwa kutoa watu. Babu akachukuliwa, bibi akiwa na mimba ya baba yangu. Wakashushwa Mombasa, wakapakiwa melini hadi Kilwa, kisha wakaingia bara na mizigo kichwani kumfuata Mjerumani Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, ambaye hakusalimu amri hadi tarehe 25 Novemba 1918, siku kumi na nne baada ya vita kwisha Ulaya.

Risasi haikuwa adui mkubwa wa wapagazi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia, na unga wa mahindi ulioliwa mbichi nusu kwa sababu hapakuwa na muda wala kuni. Nadhani babu alikwenda na tumbo. Mwenzake aliyerudi alimwambia bibi kwamba alimwacha kando ya njia, hawezi kusimama. Bibi hakupewa mshahara wake wala karatasi. Baba yangu amezikwa bila kujua kaburi la baba yake liko upande gani.

Mheshimiwa, zile sanamu tatu za shaba pale Kenyatta Avenue, Nairobi, zimesimama tangu 1928, na mmoja wa wale watu watatu ni mpagazi. Maandishi yaliyo chini yake yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi, yakaahidi kwamba anayepigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Jina gani? Halikuchongwa hata moja! Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri yenyewe kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hivyo, na huenda hata 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni mwezi huohuo. Waliotukosea wamesema samahani. Sisi wenyewe tunaombana namba.

Nawe, Mheshimiwa, tarehe 11 Novemba ulitusimamia mbele ya sanamu hizo ukasema daftari la wapagazi litafunguliwa, na familia zitaleta majina. Nilipiga makofi hadi mikono ikauma. Nikaleta jina la babu, la kijiji, la chifu aliyemtoa, na jina la yule mwenzake aliyerudi. Familia ngapi zina hata hayo? Wajukuu tunakwisha. Nilioanza nao kuulizia habari hizi tulikuwa sita. Tumebaki wawili.

Nilitaka kukuomba mnara, na siku ya mapumziko, na somo shuleni. Nayaacha hayo yote. Fidia siombi, wala sitamwomba yeyote kuchimba misitu ya Rufiji kutafuta mifupa. Naomba daftari lifunguliwe kama ulivyosema, lipokee majina kutoka vinywani mwa familia, bila namba. Na jina la kwanza usihangaike kulitafuta. Limo katika barua zangu zote nne, nimelipigia mstari.

Wako mtiifu,
Mjukuu wa mpagazi