Mhariri, kabla ya kuota gari letu tuulize mafundi bodi walienda wapi

Ndugu Mhariri,

Kuna msomaji wako aliandika kwenye ukurasa huu kwamba ni aibu Watanzania zaidi ya milioni 60 hatuna gari letu wenyewe, na dawa yake eti ni kumwita mgeni mwenye jina kubwa aje ajenge kiwanda, sisi tutajifunza hapohapo. Nilitaka kunyamaza lakini hiyo "tutajifunza hapohapo" imenikaa kooni.

Mimi ni fundi bodi, nimeshika welding kuanzia mwaka 1989. Vijana wa sasa hawajui lakini mabasi ya mikoani yaliyowapeleka baba zao Mbeya na Mwanza mengi bodi zake zilijengwa hapahapa Dar. Chesisi ya Scania ilikuwa inatoka bandarini uchi kabisa, injini, usukani na kistuli cha dereva basi, dereva amejifunga kitambaa usoni kama mtu wa jangwani maana hakuna kioo wala paa, anakuja nayo hivyo mpaka gereji. Sisi tunapima, tunakata mabomba ya mraba, tunapinda mbavu, tunapiga mabati, viti vinashonwa uani, vioo vinakatwa mtaa wa pili, na baada ya wiki kama saba hivi chuma kinaondoka kimeandikwa maneno ubavuni. Ramani ilikuwa kichwani mwa mzee mmoja ambaye hata darasa la saba hakumaliza.

Sitadanganya, zilikuwa na kasoro. Nzito mno, masika zinavuja, na ikitokea ajali viti vinang'oka vinafuatana, hilo linaniuma mpaka leo. Ndo maana yalipoingia mabasi ya Kichina yakiwa kamili, Yutong, Higer, Zhongtong, yana kiyoyozi na viti laini, sikumlaumu mwenye basi hata mmoja, ningekuwa na hela ningenunua pia. Ninachouliza ni kwamba katika miaka yote ile hakuna mtu aliyekuja pale gereji kwetu na karatasi akasema jamani kiti kifungwe hivi, bomba liwe unene huu, mkifikia kiwango hiki tutawapa tenda ya mabasi ya shule. Hakuna. Tulipungua mmoja mmoja, wengine wakawa wanachomelea mageti, mwenzangu mmoja alikuwa anapinda bomba kwa macho tu bila kipimo, leo anauza mkaa.

Sasa turudi kwa mgeni. Kuunganisha magari sio kitu kipya hapa, pale kiwanda cha TAMCO Kibaha Scania zilishaunganishwa enzi hizo, na leo Kibaha hiyohiyo kuna malori ya Kichina ya FAW yanaunganishwa. Sipingi, vijana wanapata mshahara. Ila tuambiane ukweli kazi yenyewe ikoje: kontena linafunguliwa, kila tundu limeshatobolewa huko lilikotoka, kijana anafunga nati kwa kipimo alichoandikiwa. Akikaa miaka kumi atakuwa fundi mzuri sana wa kufunga nati. Na kwenye forodha ya Afrika Mashariki gari dogo zima linalipa ushuru asilimia 25 wakati hilo la vipande vya kuja kuunganishwa linaingia kwa sifuri, kwa hiyo ile tofauti ni hela yetu tunampa mwenye kiwanda. Tunampa ili atupe nini? Hilo ndo swali na sijawahi kuona mwandishi analiuliza siku ya kukata utepe.

Watu wanapenda kutaja Korea, haya tuitaje vizuri. Hyundai walianza 1968 wakiunganisha Ford Cortina, kama sisi tu. Lakini serikali yao mwanzoni mwa miaka ya 70 ikawakalia kooni, leteni mpango wa gari lenu, vipuri vingi vitoke ndani. Na Ford walipokuwa wanavutana nao kuhusu ubia wa injini, Wakorea hawakukaa kulia, wakaenda kununua ujuzi kwa mafungu kama mtu anayenunua mboga sokoni: wakamchukua Mwingereza George Turnbull aliyekuwa bosi British Leyland, kampuni ya magari ya kwao, wakampa Giugiaro, mchoraji wa magari wa Italia, achore bodi, injini na giaboksi wakachukua teknolojia ya Mitsubishi, gari lao Pony likaanza kutoka kiwandani mwishoni mwa 1975. Mgeni alikuwepo, tena wageni wengi, lakini bosi alikuwa Mkorea na mgeni alikuwa na kazi moja na siku ya kuondoka. Hata hivyo injini yao wenyewe, Alpha, ilitoka 1991. Hesabu mwenyewe kutoka 1968 ni miaka mingapi. Na sehemu kubwa ya muda huo soko lao lilikuwa limefungwa, Mkorea hakuwa na ruhusa ya kwenda kujichagulia gari la Japani.

Malaysia nao walikuwa na kampuni yao ya magari, Proton, gari lake la kwanza Saga lilitoka 1985, chini ya ngozi ni Mitsubishi, wakailinda kwa ushuru mkubwa miaka na miaka, mwisho wa siku 2017 kampuni ya Geely ya China wakachukua asilimia 49.9 ya Proton. Sisemi walikosea, walijenga viwanda vingi vya vipuri njiani, ila gari lenye bendera ni ghali kulilea kuliko mtoto wa shule ya bweni.

Sisi soko tutalifunga? Tuseme kweli. Mimi mwenyewe naendesha IST, tena imetumika Japani kabla yangu, na mtu akija kuniambia nisubiri gari la Kibaha kwa bei ya nyumba nitamcheka. Nani atanunua hilo jipya la kwetu zaidi ya serikali?

Lakini hapohapo ndipo naona riziki. Simama barabarani uhesabu: IST, Noah, Hiace, Coaster, Canter, IST tena. Nchi nzima inaendesha magari ya aina chache, yote yamechoka, yote yanataka bushi, springi, rejeta, brekipedi, filta, betri. Nenda Kariakoo mtaa wa Gerezani uone hela inavyohama kila siku kwenda Dubai na Guangzhou kwa ajili ya bushi, kipande cha mpira na chuma! Mpira huo tunao, mashamba ya Kihuhwi kule Muheza na Kalunga kule Kilombero yalikuwa ya kulisha General Tyre Arusha, kiwanda cha matairi ambacho kimelala sasa zaidi ya miaka 15 na kila bajeti tunasikia kitafufuliwa.

Kwa hiyo mgeni akija mwambieni hivi, ushuru sifuri utaupata, lakini mwaka wa pili springi zitoke hapa, wa tatu viti na nyaya, wa nne rejeta, na kila kimoja kina jina la kiwanda cha Mtanzania kinachokitengeneza na injinia wako anayekaa nao mpaka waweze. Asipofikia, ushuru unarudi. Mkataba uchapwe gazetini, sisi mafundi tutausoma, tunajua kipi ni springi na kipi ni maneno.

Na wewe mhariri siku mkialikwa tena kwenye utepe, mtume mwandishi asiyeogopa kuchafuka, alale chini ya hilo gari na tochi asome kila kipande kimeandikwa kimetengenezwa wapi. Akitaka mtu wa kumwonyesha mimi nipo, ila asije leo, kuna Coaster hapa nje sakafu yake imeoza na konda anapiga kelele.

Fundi bodi,
Buguruni, Dar es Salaam