Riwaya zinazokwama sura ya tisa

Kwa Mhariri,

Kila mjadala wa uhaba wa riwaya mpya za Kiswahili unapozuka, lawama huwaendea wachapishaji wanaopendelea vitabu vya shule, au wasomaji wanaodaiwa kuwa hawanunui vitabu. Naomba nafasi nizungumzie sababu nyingine isiyotajwa sana, nayo ni kwamba riwaya nyingi hazifiki hata mlangoni mwa mchapishaji kwa kuwa aliyezianza hakuzimaliza. Ushahidi ninao nyumbani: mswada wangu ulikaa kabatini miaka mitatu, umesimama sura ya tisa, wala hakuna aliyeusimamisha ila mimi.

Sura tatu za mwanzo niliziandika kwa wiki chache, maana nilikuwa nimezibeba kichwani miaka mingi. Shida ilianza katikati, pale wahusika wamekwisha kujulikana, mwisho ungali mbali, na mwandishi hajui kwa nini mwanamke huyu anatoka kwao kuja Mombasa ila kwamba yeye mwenyewe ametaka aje. Badala ya kulikabili swali hilo, nilirudi kuipiga msasa sura ya kwanza. Niliiandika upya mara saba, na kila mara nilijiona nimefanya kazi, kumbe sura ya kumi ilikuwa bado karatasi tupu. Iwapo yuko mwandishi chipukizi anayesoma barua hii, namsihi kwa dhati asiiguse sura ya kwanza mpaka awe ameandika ya mwisho.

Nilirudi kwenye mswada kwa njia ya hesabu. Mimi ni karani, navuka feri ya Likoni asubuhi na jioni, na siwezi kupata saa nne za kuandika kwa siku. Maneno 300 nayaweza, siku tano kwa wiki, na kwa wiki 40 maneno hayo huwa 60,000, ambayo ni riwaya kamili. Anthony Trollope, mwandishi wa Uingereza wa karne ya 19 aliyefanya kazi ya posta kwa zaidi ya miaka 30, alikuwa akiketi mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa yake mbele yake, akijitoza maneno 250 kwa kila robo saa kabla ya kwenda kazini, na aliacha riwaya 47. Kasi hiyo sina, wala nisingependa mtu ajipime nayo. Ninalojifunza kwake ni kwamba kipimo kilijulikana kabla ya kalamu kushikwa, hivyo hapakuwa na haja ya kujiuliza kila asubuhi kama hamu ipo. Nami siku nikikosa, kesho yake huandika maneno 300 yale yale, kwa sababu deni likirundikana mtu huukimbia mswada kama anavyomkimbia mdai.

Hata hivyo, hesabu peke yake isingenifikisha mbali. Jioni moja nilimsomea shangazi yangu sura ya nane na ya tisa tukiwa barazani, Kibokoni. Wiki ilipopita akaniuliza, “Mwanangu, yule mwanamke alivuka au hakuvuka?” Sikuwa na jibu, na aibu ya kukosa jibu ilinikalisha mezani usiku ule ule. Tangu hapo namsomea kila Ijumaa baada ya alasiri. Hasifu ovyo, panapopwaya hunyamaza, nami huweka alama.

Mji huu unalijua jambo hili tangu zamani. Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka wa 1840, alitunga mashairi yake miongoni mwa watu waliomsikiliza na kujibizana naye, na mtunzi anayengojewa hawezi kulala na shairi nusu. Mwandishi wa riwaya leo hujifungia chumbani peke yake mwaka mzima bila wa kumuuliza lolote, kisha tunastaajabu akinyamaza.

Kwa hiyo nakuomba, Mhariri, utenge safu ya riwaya ya mfululizo, sura fupi kila wiki, kwa waandishi ambao bado hawajachapisha kitabu. Naiomba pia maktaba ya umma hapa Mombasa itupe chumba jioni moja kwa wiki, tusomeane tulichoandika. Hapahitajiki zaidi ya viti, taa na mtu wa kufunga mlango. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa mwaka wa 2014, ilifungua mlango hata kwa miswada isiyochapishwa, lakini sharti mswada uwe umekamilika.

Wangu umefika sura ya kumi na saba. Mwanamke amevuka. Shangazi sasa anataka kujua ni nani aliyempokea ng’ambo, na Ijumaa ni keshokutwa.

Msomaji wako,
Kibokoni, Mombasa