Kwa nini damu ya CH50 tunataka kuitoa hapahapa kwetu

Mteja akituletea hapa maabara damu ya kipimo cha CH50 kwa bodaboda, huwa tunaikataa, na wengine hukasirika. Tunawaelewa: wameshalipa nauli, na mkono umeshachomwa sindano.

CH50 hupima kazi ya komplimenti, jamii ya protini zaidi ya 30 zinazosaidia mwili kuua vijidudu. Daktari huiomba hasa kwa mgonjwa wa lupasi (ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe), au kwa mtu anayerudiwarudiwa na homa ya uti wa mgongo. Tunachanganya seramu yako (maji ya damu yanayobaki damu ikishaganda) na chembe nyekundu za kondoo zilizopakwa kingamwili, kisha tunaangalia zinavyopasuka. Protini ikishachoka, chembe hazipasuki, na majibu yanatoka ya chini hata kama wewe ni mzima.

Na protini hizi huchoka upesi. Seramu ikipashwa hadi nyuzi 56 kwa nusu saa, kazi yote imekwisha. Jua la Dar es Salaam halifiki huko, lakini saa kadhaa ndani ya begi zinatosha kuipunguza. Friza ya nyumbani nayo haisaidii sana. Seramu hii hutaka nyuzi 70 au 80 chini ya sifuri. Umeme ukikatika ikayeyuka, kisha ikagandishwa upya, ndiyo inazidi kuharibika.

Tyubu yenyewe ina neno. Ya kofia ya zambarau ina EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, inayoshika kalisiamu na magnesiamu, na bila madini hayo komplimenti haifanyi kazi. Sisi tunatumia ya kofia nyekundu: damu inaganda, tunaizungusha kwenye mashine, tunatenga seramu na kuitia kwenye friza kubwa bila kuchelewa.

Kuna mtoto tuliyepokea damu yake ikiwa imelala mezani usiku kucha kwenye zahanati. CH50 ilikaribia sifuri, lakini C3 na C4, protini mbili za komplimenti, zikawa za kawaida, kwa sababu hizo mbili tunapima wingi wake tu. Mama yake akaambiwa huenda mwanawe ana upungufu wa komplimenti wa kuzaliwa nao. Alikaa na hofu hiyo siku nne. Tulipomtoa mtoto damu upya hapa, majibu yalikuwa mazuri. Tulipaswa kuikataa ile ya kwanza, na hatukufanya hivyo.

Kwa hiyo njoo mwenyewe, asubuhi, na karatasi ya daktari. Kama unatoka mbali, tupigie kwanza tupange na zahanati yako habari ya barafu kavu ya kusafirishia seramu ikiwa imeganda.