Alama chini ya kitanda

Isevya, Tabora

Swahiba wangu,

Salaam nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Sisi huku wazima, alhamdulillahi.

Juzi nililetewa kitanda cha mninga nibadilishe chaga. Nilipokipindua, nikakuta ndani ya ubavu mikato mitatu ya patasi. Alama ya Mzee aliyetufundisha kazi! Nikakaa chini. Kitanda kimepita miaka thelathini, na kila ulimi wa mbao bado umebana tunduni mwake, hakuna msumari hata mmoja.

Sisi tulidhani ni mazoea yake tu. Kumbe zamani mafundi samani wa Paris walilazimishwa na chama chao kutia alama. Kanuni za mwaka 1743, zilizothibitishwa 1751, zilimtaka kila bingwa agonge muhuri wa jina lake kwenye kazi yake. Wakaguzi wa chama wakapita karakana hadi karakana, na waliporidhika waligonga wa kwao: JME, herufi za chama kwa Kifaransa. Ndiyo maana hata leo ukipindua kabati la fundi Riesener, aliyepata ubingwa mwaka 1768, unaweza kulikuta jina lake.

London nako maseremala wa ujenzi na wa samani waligombana hadi wakuu wa jiji wakaamua, mwaka 1632, kwamba kazi za gundi na za ulimi na tundu ni za wa samani. Wewe unayepaua nyumba asubuhi na jioni ukaunga droo, hapo ungekuwa na kesi.

Ubaya wa vyama hivyo, vilifunga milango. Ubingwa ulitaka fedha nyingi, na watoto wa mabingwa wakapunguziwa ada. Mzee alikupokea umeshuka treni ya Kigoma na begi moja, hakukudai senti. Wafaransa walivifuta vyama hivyo mwaka 1791, nami sivililii. Naulilia muhuri. Siku hizi sofa inauzwa kando ya barabara, ukichana kitambaa ni mbao mbichi na misumari, na ikivunjika mnunuzi hajui amrudie nani.

Basi nimeagiza kwa mhunzi chuma cha jina langu, nikichome moto nigonge kila kazi inayotoka hapa. Nimemwambia afue na cha kwako. Niandikie upesi herufi unazotaka. Kuhusu mikato mitatu, nilikwenda kwa Mama, mke wa Mzee, kuomba ruhusa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema tuitumie wote wawili, ila tusiichome kwa chuma. Tuikate kwa patasi, kama alivyofanya Mzee.

Wako,
swahiba wa benchi moja