Barua kwa Rehema kuhusu kesi ya Chicago

Ndugu yangu Rehema,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Ama baada ya salamu, uliniuliza inakuwaje askari polisi wa Marekani ampige risasi kijana mweusi mbele ya kamera, kisha mahakama ionekane kama haina la kufanya. Nitakujibu kwa kesi moja tu, ya Laquan McDonald, kwa kuwa iliamuliwa katika mji huu ninaoishi, nawe ni mwanasheria, utaona ilipopindia.

Usiku wa tarehe 20 Oktoba 2014 kijana huyo wa miaka 17 alikuwa akitembea barabarani na kisu mkononi. Askari Jason Van Dyke alishuka garini na baada ya sekunde chache akaanza kufyatua, akaendelea hata kijana alipokwisha kuanguka, hadi zikatimia risasi 16. Taarifa za askari waliokuwapo zilidai kuwa kijana aliwaelekea kwa shari, ilhali kamera ya gari la polisi inamwonyesha akiwapita kwa pembeni, akienda zake. Picha hizo zilifichwa miezi 13. Katika muda huo jiji liliilipa familia dola milioni 5 kabla hata kesi ya madai haijafunguliwa, na ilibidi mwandishi mmoja wa habari aende mahakamani ndipo jaji akaamuru zitolewe. Zilitolewa tarehe 24 Novemba 2015, na siku hiyohiyo Van Dyke akashtakiwa kwa mauaji. Usiniambie ni sadfa.

Oktoba 2018 baraza la raia 12 wa kawaida walioteuliwa kuamua kesi (jury) lilimtia hatiani. (Hawa si kama wale wazee wa baraza, washauri wa jaji tuliosoma habari zao chuoni, ambao jaji alikuwa huru kuyaweka kando maoni yao; hapa Marekani raia hao wakisema ana hatia, kwa kawaida jaji hubaki na kazi ya kupanga adhabu.) Walimwona na hatia ya mauaji ya daraja la pili, yaani daraja jepesi kuliko la kwanza, na makosa 16 ya kujeruhi kwa silaha ya moto, kosa moja kwa kila risasi. Kwa sheria ya jimbo hili la Illinois kila kosa la kujeruhi kwa namna hiyo lina kifungo kisichopungua miaka 6, ilhali mauaji ya daraja la pili huanzia miaka 4. Jaji Vincent Gaughan alishikilia kwamba mauaji ndiyo kosa zito zaidi, kwa hiyo yale 16 yamezwe humo, yaani adhabu iwe ya mauaji peke yake, akampa miezi 81. Upande wa mashtaka uliiomba Mahakama ya Juu ya jimbo iingilie kati, ikakataa. Februari 2022 Van Dyke alikuwa nje.

Hata hivyo, si miezi hiyo 81 inayoniuma zaidi. Siku moja kabla ya adhabu kutolewa, jaji mwingine aliwaachia huru askari watatu walioshtakiwa kwa kula njama ya kuficha ukweli. Baadhi ya askari walifukuzwa kazi baadaye, lakini kwa zile taarifa za uongo hakuna aliyelala gerezani hata usiku mmoja wa kifungo, na bila picha zile taarifa hizo ndizo zingekuwa ushahidi wote.

Nisomee hoja ya Gaughan kwa jicho lako la uwakili, kisha uniandikie kama ungeikatia rufaa. Wasalimie Mama na watoto.

Ni mimi mwenzako,
Zuhura