Mzizi wa Mti wa Merkle Uwe Mikononi mwa Wanachama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa blokucheni (daftari la kidijitali la miamala iliyopangwa katika mafungu, yaani bloku, yanayofuatana kama mnyororo), ambao mara nyingi huishia kwenye bei ya sarafu ya kidijitali ya Bitcoin na kuacha kando kiungo kinachomhusu zaidi mtu wa kawaida, yaani mti wa Merkle, njia ya kugundua kama kumbukumbu imechezewa, ambao Mmarekani Ralph Merkle aliuombea hataza mwaka 1979.

Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Ngamiani, Tanga. Mwaka jana tulikuta katika daftari letu tarakimu 3 ya shilingi 30,000 imezibwa kwa wino wa rangi nyingine ikawa 8, na kwa kuwa daftari ni moja na hukaa kwa mtu mmoja, hatukuweza kujua nani aliigeuza wala lini.

Katika mti wa Merkle kila muamala hupigiwa hesabu ya heshi, inayogeuza maandishi yoyote kuwa alama fupi ya urefu maalumu, na ambayo katika Bitcoin hutoa alama ya baiti 32. Alama mbili mbili huunganishwa na kupigiwa heshi tena, ngazi kwa ngazi, hadi ibaki moja tu iitwayo mzizi, nayo huandikwa kwenye kichwa cha bloku, yaani muhtasari ulio mwanzoni mwake. Ukigeuza 3 kuwa 8 kwenye jani moja, yaani muamala mmoja, mzizi hubadilika, na kila mwenye nakala ya mzizi wa awali atajua.

Linalonivutia zaidi ni wepesi wake. Katika bloku yenye miamala 1,024, mwenye kuhakiki muamala wake huhitaji alama 10 tu za kumfikisha kwenye mzizi, jumla baiti 320, ambazo hazijazi hata SMS tatu, ilhali kumbukumbu nzima ya Bitcoin imekwisha kuvuka gigabaiti 500. Simu ya mama muuza samaki inatosha.

Hata hivyo, karani akipokea 30,000 akaandika 20,000 tangu mwanzo, mti utautunza uongo huo vilevile, na ndiyo maana sisi bado tunahesabu fedha mbele ya wote.

Hivi karibuni alitutembelea muuzaji wa mfumo aliouita blokucheni. Nilipomuuliza mzizi unatunzwa wapi, alijibu kwamba uko kwenye kompyuta ya kampuni yake pekee. Mzizi wa namna hiyo, ambao mtunzaji anaweza kuubadili bila sisi kuwa na nakala, hauna tofauti na daftari letu lililochezewa. Nawaomba waandishi wako, kila wanapoandika habari za mifumo hii, wawaulize wauzaji iwapo kila mwanachama atatumiwa mzizi siku ileile bloku inapofungwa.

Wako,
Katibu wa kikundi,
Ngamiani, Tanga